Mpangaji wa Saba

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa karakana, ambaye ameoa mwaka jana na kupanga chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji wanne. Baada ya kuniamkia na kuuliza hali za nyumbani alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba amepewa ndege wawili, wale kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya machungwa ambao asili yao ni nyika za kaskazini mwa nchi yetu, na kwamba tangu wafike hapo nyumbani hakuna mpangaji anayemjibu salamu kwa moyo mweupe. "Mzee," akaniuliza, "nimesikia wewe ulipata kufuga. Ulimnyamazishaje wako?"

Nilicheka, maana swali hilo niliwahi kuulizwa zamani mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na jibu sikuwa nalo.

Kabla ya yote nilimwuliza kama ndege hao wana karatasi. Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya taifa, na ndege wa porini ni mnyamapori sawasawa na tembo. Kumweka tunduni bila kibali cha wenye mamlaka ni kosa, hata kama ulimpokea kwa wema kama zawadi ya harusi. Sisemi hivi kwa kujitakasa. Kasuku niliyempokea mimi mwaka 1982 hakuwa na karatasi yoyote, wala sikupata hata siku moja kujiuliza kama anaihitaji. Kijana aliahidi kwenda kuulizia. Ndipo nikamsimulia haya ninayowasimulia na ninyi.

Tulikuwa tukikaa Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi mrefu katikati, na nyuma uani kuna jiko, bafu, choo na bomba moja. Kila chumba na familia yake. Aliyepata kuishi katika nyumba ya namna hiyo anajua jambo ambalo mgeni halitambui mpaka alale hapo usiku mmoja: nyumba haina dari. Kuta hupanda hadi kimo fulani, kisha huacha nafasi wazi chini ya mabati, na sauti ikitoka chumba cha kwanza hupanda, ikagonga bati, ikashuka chumba cha sita ikiwa nzima kabisa. Tulijua nani ana homa, nani amegombana na mkewe, nani amenunua nyama na hakutaka ijulikane. Tulizoea kusikia na kujifanya hatukusikia. Hiyo ndiyo adabu ya nyumba ya kupanga, na bila adabu hiyo familia sita haziwezi kukaa chini ya bati moja hata juma moja.

Kasuku hakuwa na adabu hiyo. Yeye alisikia, akakariri, akatangaza.

Aliletwa na kaka yangu mkubwa, mfanyakazi wa reli, ambaye alimnunua Kigoma kwa mtu aliyevuka naye Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule. Kaka alisafiri naye katika gari moshi hadi Dar es Salaam, tundu limefunikwa shuka, akafika kwangu na kuniambia nimtunzie kwa mwezi mmoja kwa sababu amehamishiwa Tabora na hajapata nyumba. Mwezi huo ulichukua miaka minne. Alikuwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu kama kitambaa cha bendera, mdomo mweusi, macho ya manjano yaliyomtazama mtu kana kwamba anamdai. Uzito wake haukufika nusu kilo. Nani angefikiri kwamba kiumbe cha uzito huo kingeweza kuitikisa nyumba nzima?

Nikamtundikia tundu lake ukumbini, karibu na mlango wetu, kwa kuwa chumbani tulikuwa watano na hapakuwa na nafasi. Mkabala na mlango wetu alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ukuli bandarini, yeye na mkewe. Vyumba vingine vilikuwa na bibi mwenye nyumba, mlinzi wa usiku wa ghala moja, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja muuza vitumbua ambaye mtaa wote tulimwita Mama Vitumbua. Bibi mwenye nyumba alimtazama ndege, akanitazama mimi, akasema, "Huyu sasa ni mpangaji wa saba. Na kodi yake sijaiona." Tangu siku hiyo jina likamkaa. Nami nikaitwa Baba Kasuku, jina ambalo mpaka leo wapo watu Magomeni wasionijua kwa jingine.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Watoto walikuwa wakitoka shule mbio ili wamsikie. Alianza kwa kuiga mlio wa komeo la mlango wa bibi, kisha redio ya Mwalimu inapotafutwa stesheni, kile kilio chake cha kupanda na kushuka, kisha filimbi ya mlinzi. Halafu akajifunza kusema "Hodi!" kwa sauti ya mwanamke, na sisi tukawa tunaitikia "Karibu!" na kutoka nje na kukuta hakuna mtu. Tulicheka. Kosa letu la kwanza lilikuwa lile, kucheka na kutoka nje, ingawa ilituchukua muda mrefu kulifahamu.

Msomaji wa mjini hahitaji kuelezwa habari za maji. Katika nyumba yetu miaka ile bomba lilikuwa likitoka usiku wa manane au alfajiri, saa moja au mbili, kisha likakauka mpaka kesho yake au kesho kutwa. Mtu wa kwanza kusikia bomba likikoroma uani alikuwa na wajibu wa kupiga kelele, "Maji yametoka!" na nyumba nzima ikaamka, ndoo zikagongana ukumbini, watoto wakalia, kila mtu akakimbilia foleni. Hapakuwa na neno lililosemwa kwa nguvu zaidi katika nyumba ile, wala neno lililoitikiwa haraka zaidi. Ni neno gani basi ambalo kasuku angelikariri?

Ilikuwa saa kumi alfajiri, mwaka 1983, mwezi siukumbuki. Sauti ya Mama Vitumbua ilipaa ukumbini: "Maji yametoka! Maji yametoka!" Wapangaji tuliamka sote. Mzee alitoka na kanzu yake ya kulalia, Mwalimu na madumu mawili, mke wangu na ndoo tatu na mtoto mgongoni. Tulipofika uani tulimkuta Mama Vitumbua mwenyewe amechutama mbele ya jiko lake la mkaa, anapepea, anatutazama kwa mshangao. Bomba lilikuwa kavu kama mfupa. Ukumbini nyuma yetu sauti yake iliendelea kutangaza.

Siku hiyo tulicheka. Siku ya pili hatukucheka sana. Siku ya tano hakuna aliyeamka, na siku hiyo maji yalitoka kweli.

Nyumba iliyokosa maji kwa siku mbili haina utani. Maneno yakaanza. Mwaka ule ilitungwa ile sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi mjini walikuwa wakikamatwa na kupelekwa mashambani. Mwalimu, ambaye hakukosa neno, alisema ukumbini kwa sauti ya kusikika kwamba kama sheria ni msumeno basi ianze na mpangaji wa saba, ambaye anakula bila kuzalisha. Mtu mmoja, na sitamtaja kwa cheo wala chumba, alimpa pilipili kichaa tatu kwa kumkomoa. Ndege alizila zote, mbegu kwa ganda, akasogea kwenye vijiti vya tundu na kusubiri nyingine. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndege hawausikii ukali wa pilipili kama tunavyousikia sisi. Huko porini wao ndio waenezao mbegu zake. Adui alikuwa amemwandalia karamu.

Lakini malalamiko ya mlinzi hayakuwa ya mzaha. Yeye alirudi kazini saa moja asubuhi, akanywa chai, akajitupa kitandani. Saa moja asubuhi ndiyo saa ambayo kasuku alikuwa katika kilele cha maneno yake. Mtu huyo alivumilia miezi mingi bila kusema, kisha usiku mmoja akakutwa na msimamizi wake amesinzia lindoni. Alipewa onyo la maandishi. Alinionyesha karatasi hiyo kwa mikono miwili, hakugomba, akaniambia tu, "Ndugu yangu, la pili nafukuzwa. Nina watoto wanne." Ningependelea angenitukana.

Nilikwenda mwenyewe kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla sijapelekwa. Wakati ule wa chama kimoja mjumbe alikuwa mlango wa kwanza wa kila shauri, kuanzia wizi wa kuku hadi talaka, na wetu alikuwa mtu mtulivu, fundi cherehani, aliyesikiliza huku akipima kitambaa. Tukakaa jamvini uani Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Kila mpangaji alisema lake. Ndipo mjumbe aliponiuliza swali lile: unaweza kumnyamazisha? Nikajibu kwamba siwezi. "Basi," akasema, "tusizungumze kumnyamazisha. Tuzungumze nani anapata hasara saa ngapi."

Sikuona wakati ule jinsi neno hilo lilivyokuwa na busara. Kasuku hawezi kunyamazishwa, kwa sababu kelele yake si utovu wa tabia. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu mikubwa, kuanzia Afrika Magharibi kupitia Kongo hadi Uganda na ukingo wetu wa kaskazini magharibi. Hulala kwa makundi, mengine ya mamia, juu ya miti mirefu. Jua linapochomoza kundi hutawanyika kwenda kutafuta chakula, na jua linapotua hurudi. Na nyakati hizo mbili kila mmoja humwita mwenzake kujua yuko wapi. Anayeita asijibiwe huita kwa nguvu zaidi. Wa kwetu alikuwa peke yake, na kundi lake lilikuwa sisi. Alipopiga kelele alfajiri na magharibi alikuwa akiuliza, "Mko wapi?" Nasi tulimjibu kwa namna aliyoipenda kuliko zote: tulimjia mbio, wengine tukicheka, wengine tukimfokea. Kwa ndege mpweke kufokewa ni bora kuliko kutotazamwa.

Akili zao si za kubeza. Kule Marekani mtaalamu Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago mwaka 1977, akampa jina Alex, akamfundisha kwa miaka 30 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alikuwa na maneno zaidi ya 100. Alitaja rangi, maumbo, na kuhesabu vitu hadi sita. Nasi tulimtundika mwenye akili za namna hiyo juu ya msumari, tukampa punje za mahindi na kipande cha ukuta cha kutazama, kisha tukashangaa anatafuta mchezo.

Baraza lile liliamua, nasi tukatekeleza, si kwa siku moja. Tundu liliondoka ukumbini saa za mlinzi kulala. Tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana lilikaa uani chini ya mwarobaini, na mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa akisoma zamu ya mchana, alikuwa na zamu ya kuwafukuza paka. Jua likikaza tulimsogeza kivulini. Magharibi nilimfunika kwa kanga mbili nzito hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa ndege huyu huhitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, na tulikuja kugundua kwamba kilichokuwa kikimwamsha saa kumi ni taa ya Mama Vitumbua akipita ukumbini kwenda kuwasha jiko. Mama wa watu alilalamika kuliko wote, na taa ilikuwa yake! Tulipogundua alicheka, akawa anapita gizani akipapasa ukuta. Wapo wanaomfunika ndege mchana kutwa kama adhabu; huo ni ukatili, na wala hausaidii, maana akifunuliwa hulipiza deni lote.

Kuhusu "Maji yametoka," tulikubaliana kwamba asiwepo mtu wa kukimbia wala kucheka wala kufoka kwa neno hilo likitoka ukumbini. Anayetangaza maji ya kweli agonge ndoo mara tatu. Hapo ndipo nilipoona uzito wa kazi. Kwa juma zima la kwanza aliongeza, akasema mara mbili ya zamani, tena kwa hasira, kama muuzaji aliyezoea wateja na leo hawamwoni mmoja. Bibi mwenye nyumba alikata tamaa. Nikawasihi wavumilie, kwa sababu mtu akishindwa siku ya saba na kumwendea, atakuwa amemfundisha kwamba dawa ni kuzidisha. Papo hapo kila alipopiga ule mluzi wake wa polepole tulimjibu kwa mluzi, tukamwendea, tukampa karanga. Baada ya kama miezi miwili mluzi ulishinda. Neno halikufa, kasuku hasahau, lakini lilikuja mara moja moja tu, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa.

Tulimpa na kazi pia. Magunzi ya mahindi ya kuparura, vifuu vya nazi, matawi mabichi ya kutafuna, karanga zilizofungwa katika kipande cha gazeti ili azitafute. Ndege asiye na kazi hujinyonyoa manyoya mwenyewe hadi ngozi ikaonekana. Chakula miaka ile hata sisi wenyewe kilitusumbua, foleni za unga mnazikumbuka. Lakini mbegu za boga, papai, mchicha na mahindi mabichi hayakuwa ghali. Jambo moja nimelijua baadaye na ninamshukuru Mungu hatukulitenda: parachichi ni sumu kwa kasuku.

Uani alijifunza pia sauti ya kunguru, wale kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakaishia kuimiliki pwani yote. Wao hupiga kelele mchana kutwa na sikusikia hata siku moja mtu akiwapeleka kwa mjumbe. Hawana mwenyewe wa kulaumiwa.

Hivyo tukaishi kwa amani hadi mwaka 1986, na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha tu.

Yule mzee wa mkabala alikuwa na kifua. Kazi ya ukuli aliifanya miaka zaidi ya 20, saruji, magunia, vumbi la kila namna, na alipostaafu kikohozi kilistaafu naye. Alikuwa akikohoa alfajiri, kikohozi kirefu cha kukokota, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nipe maji." Mkewe akaamka, tukasikia kikombe kikigusa mtungi. Ilikuwa sehemu ya alfajiri yetu, kama adhana na kama jogoo. Mwaka ule ugonjwa ulizidi, akalazwa mara mbili, akarudi, akafariki nyumbani mwezi wa Ramadhani. Nyumba yetu ilijaa watu. Kasuku nilimpeleka kwa rafiki siku za matanga.

Nikamrudisha baada ya siku kumi. Alfajiri ya pili, chini ya kanga zake, alikohoa.

Sijui namna ya kulieleza jambo hilo kwa mtu ambaye hakuwapo. Hakuwa ndege anayeiga kikohozi, alikuwa mzee mwenyewe, mkokoto ule ule, kituo kile kile cha kuvuta pumzi, kisha, "Mama, nipe maji." Mke wangu alinishika mkono gizani. Hakuna aliyesema kitu, hakuna aliyefungua mlango, bati lote juu yetu lilikuwa kimya. Tukasikia kikombe kikigusa mtungi.

Asubuhi nilitaka kwenda kuomba radhi, nikashindwa. Nikajidanganya kwamba nitatumia dawa ile ile: tusijibu, neno litapungua. Nikamhamishia tundu chumbani kwetu, juu ya kabati, nikaongeza blanketi. Alikohoa siku ya tatu na ya nne. Siku ya sita nilivaa shati, nikapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Nilianza maneno marefu, kwamba ndege hana akili ya kukusudia, kwamba nimemfunika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mwanamke mstaarabu. Kisha akasema, "Mwanangu, simchukii ndege wako. Marehemu alikuwa akimpa karanga kila siku, wewe ukiwa kazini. Lakini mimi nimeamka mara nne. Mara nne nimejikuta nimesimama, kikombe kimejaa mkononi, ndipo nakumbuka. Nifanyeje? Nisiamke?"

Sikuwa na la kumjibu. Ile dawa ya kutojibu ilikuwa nzuri kwa maji ya bomba. Kumwambia mjane asiitikie sauti hiyo, hilo lilikuwa jambo jingine, na ningekuwa mtu wa namna gani kumwambia?

Watoto wangu walilia siku mbili. Kaka aliandika kutoka Tabora kwamba ndege ni wake na nisimtoe. Nikamjibu kwamba aje amchukue, hakuja. Kulikuwa na mfanyakazi mwenzangu mwenye shamba dogo Kibaha, nyumba yake peke yake kati ya miembe na minazi. Nikampeleka huko Jumamosi iliyofuata, nikamweleza juu ya chakula, kanga na magunzi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi, na yako mambo niliyosahau kumwambia.

Nisimame hapa kidogo kwa jambo ambalo kijana yule wa karakana nilimwambia kwa mkazo kuliko yote. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe katika manyoya yake, unga mwembamba kama poda, unaoelea na kukaa juu ya kila kitu. Unga huo, pamoja na kinyesi kilichokauka, unaweza kuwaharibia kifua baadhi ya watu, na kasuku wa aina zote huweza kubeba ugonjwa unaowapata binadamu mapafuni. Hayo ninayajua leo. Mwaka 1982 nilitundika tundu hatua tatu kutoka mlango wa mtu mwenye kifua, na kila asubuhi nikalifagia kwa ufagio mkavu. Mzee alikuwa mgonjwa kabla ya ndege kuja, mapafu yake yaliharibiwa na kazi, nami najiambia hivyo. Lakini sauti ile ya kikohozi kasuku aliipata karibu sana. Kwa hiyo nilimwambia kijana: asiwaweke chumba cha kulala, asiwaweke karibu na mtoto mchanga wala mgonjwa wa kifua, tundu alipanguse kwa kitambaa chenye maji, na mikono aioshe. Kelele jirani atakuja kukulalamikia. Vumbi halitamleta mtu mlangoni kwako.

Nikamwambia pia asinunue kasuku wa kijivu hata akiletewa kwa bei rahisi. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya ndege hawa waliokamatwa porini ilipigwa marufuku, kwa sababu misitu mingi ilikuwa imebaki kimya. Wetu alikuwa mmoja wa waliotolewa huko.

Mwaka 1987, mwezi wa tatu au wa nne, mama yule mjane aliamua kurudi kwao Kilwa kukaa na dada yake. Mizigo ilikuwa imefungwa. Jumapili ya mwisho alinigongea mlango akaniuliza kama naweza kumpeleka Kibaha. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza. Tulipanda basi asubuhi, amejitanda kanga mpya, amefunga karanga kwenye ncha ya leso.

Kasuku alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, tundu lake limewekwa barazani chini ya kivuli. Alimtazama mama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akapokea karanga moja moja. Hakusema lolote. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yake karibu saa nzima. Mwishowe alimwuliza mwenyeji, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ndege huyu hukohoa.

"Alikuwa akikohoa zile siku za kwanza," mwenyeji akajibu, "alfajiri, na kuomba maji. Hatukujua anamwiga nani. Hakuna aliyeamka, akaacha."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akafungua leso, akampa karanga zilizobaki, akasimama, tukaaga. Tulikuwa tumefika kwenye miembe ya mbele, sijui tuseme hatua hamsini, tuliposikia nyuma yetu sauti ya Mama Vitumbua wa Magomeni ikitangaza kwa nguvu zake zote, "Maji yametoka! Maji yametoka!" Mke wa mwenyeji akachomoka jikoni na ndoo mbili, akapita mbio kuelekea bombani, na watoto wake wakimfuata na masufuria.

Mama alicheka mpaka akaketi chini kwenye majani, akajifuta macho kwa leso tupu. Nikamshika mkono kumwinua, tukaenda kulisubiri basi.